Kiswahili cha Los Angeles

Usiku huu sina hadithi ya wafalme wala nasaha za afya. Nimekuja na kadhia ya watu wazima wanne, wenye mvi na wajukuu, ambao kila siku baada ya sala ya isha huketi juu ya baraza moja mtaa wa Malindi, hapa Unguja, wakabishana juu ya nyimbo za Waingereza na Wamarekani zilizokuwa zikivuma walipokuwa wao wenyewe vijana, na wakabishana kwa bidii ambayo, laiti wangeliitia katika kazi zao, leo kila mmoja angelikuwa na nyumba ya ghorofa.

Wa kwanza ni Fundi, mtengeneza saa, ambaye duka lake limejaa saa zisizokwenda na santuri zinazokwenda. Wa pili ni baharia mstaafu, tunayemwita Nahodha kwa taadhima, ingawa cheo chake melini kilikuwa cha jikoni. Huyo ndiye aliyekuwa akituletea kanda kutoka Hamburg na Rotterdam, amezifunga ndani ya soksi za sufi zisiingie maji ya chumvi. Wa tatu ni Maalim, aliyesomesha jiografia skuli kwa miaka 30 na ambaye husamehe kila kosa la binadamu isipokuwa kosa la ramani. Wa nne ni mimi ninayezungumza nanyi, na kazi yangu barazani ni kuhukumu, walakini sikumbuki hukumu yangu hata moja iliyowahi kufuatwa.

Sharti letu ni kwamba anayeshindwa huwanunulia wenziwe kahawa. Maalim alilikataa sharti hilo hapo mwanzo, kwa hoja kuwa linanukia kamari, mpaka Fundi alipomfahamisha kwamba mwenye kushindwa hatoi dau bali hutoa sadaka, na sadaka haikatazwi. Tangu siku hiyo Maalim hunywa vikombe vingi kuliko sote, na haijapata kuonekana siku aliyokubali kwamba ameshindwa.

Mtadhani labda kwamba, maadamu tumekaa Unguja, mazungumzo yetu yote hayana budi kumzunguka Freddie Mercury, aliyezaliwa kisiwani humu tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, akapelekwa Bara Hindi kusoma, akarudi, kisha akahama na wazee wake kwenda Uingereza mwaka 1964. Hasha. Habari hizo tulizimaliza zamani, na siku hizi watalii wanaopita mbele yetu wanazijua kuliko sisi. Kilichobaki ni suala moja tu, ambalo Fundi hulitoa kila anapoona kahawa inachelewa: ni wimbo gani wa roki uliokaa juu kabisa ya orodha ya mauzo ya Uingereza kwa majuma 9, ukashuka, kisha ukapanda pale pale juu baada ya miaka 16, na ndani yake mna bismillahi? Jawabu ni "Bohemian Rhapsody", wa mwaka 1975, uliorudi kileleni mwaka 1991 alipofariki mwimbaji mwenyewe. Hapo Nahodha hushikilia kwamba neno lile Mercury alilizoa kutoka minara ya misikiti ya Mji Mkongwe, naye Maalim humjibu kwamba mnarani huadhiniwa, na katika adhana hamna bismillahi. Mtoto wa Unguja, hata awe wa dini gani, neno hilo hulisikia penye sinia la wali kwa jirani. Basi wakitoka hapo huwa ni saa nzima ya bahasa juu ya wali, na roki imekwisha sahauliwa.

Kadhia ya usiku wa leo, lakini, ilianza Ijumaa, pale muuza kahawa wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alipokuja na dele lake akigonga vikombe, na huku akiimba kwa sauti ya puani wimbo wa Lionel Richie uitwao "All Night Long". Na alipofika pale katikati, pahala ambapo Kiingereza humwisha mwimbaji na maneno ya lugha nyengine yakaingia kwa vishindo vya ngoma na waitikiaji wengi, kijana yule akayatamka kwa ufasaha wa mtu anayejua alisemalo.

"Lugha gani hiyo, mwanangu?" akauliza Nahodha.

"Kiswahili, ami. Hulisikii neno jambo humo ndani?"

Nahodha akacheka kicheko cha mtu aliyezunguka dunia, akasema kwamba hicho si Kiswahili bali ni Kingazija, maana yeye alipata kufanya kazi meli moja na mpishi wa kutoka Moroni, na mpishi huyo akiimba vivyo hivyo hasa alipokuwa akimenya viazi. Fundi akasema si Kingazija asilani, ni Kilingala, na mwenye masikio ya kusikiliza gitaa angelijua. Maalim, ambaye alikuwa hajasema kitu, akaomba kila mmoja aweke sadaka yake wazi mbele ya mashahidi, na nilipoiona ile nuru usoni mwake nikajua kwamba jawabu analo tangu zamani, na kwamba kahawa ya usiku ule imekwisha lipwa.

Jawabu lenyewe ni kwamba hiyo si lugha ya watu wowote. Richie mwenyewe amesimulia jinsi alivyotamani kipande cha maneno ya Kiafrika katika wimbo wake, akampigia simu sahibu yake wa Umoja wa Mataifa, akajibiwa kwamba lugha na lahaja za Afrika zinahesabiwa kwa maelfu. Naye alipoona bahari ni kuu na mtumbwi wake ni mdogo, akayafuma maneno kutoka kichwani mwake, yasiyo na maana, ukiliacha hilo neno jambo, Unguja wala Moroni wala Kinshasa, akayatia mahadhi, akayaimba. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1983, na mwaka uliofuata akauimba mbele ya walimwengu wote katika kufunga Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, na hakuna aliyeinua mkono kumwuliza tafsiri.

Nahodha hakuridhika. Alisema kwamba huenda Richie aliyatunga maneno yale, walakini yawezekana kabisa kwamba bila ya kujua akatunga Kingazija. Hoja hiyo niliiandika daftarini, kwa kuwa sijapata kuisikia iliyo tamu kuliko hiyo.

Hapo ndipo Fundi, aliyekwisha kupoteza sadaka yake na kwa hivyo hana tena cha kuogopa, alipotukumbusha usiku wa tarehe 28 Januari 1985, ambao kwa maoni yangu ndio usiku wa kuchekesha kuliko yote katika tarehe ya lugha yetu. Katika studio za A&M huko Los Angeles walikusanyika waimbaji zaidi ya 40, miongoni mwao Ray Charles, Diana Ross, Bob Dylan, Tina Turner na Bruce Springsteen, waimbe kwa pamoja "We Are the World", wimbo waliotunga Michael Jackson na huyu huyu Lionel Richie, ili kuwachangia waliofikwa na njaa Uhabeshi. Quincy Jones, aliyekuwa akiwaongoza, alibandika karatasi mlangoni ya kumwomba kila aingiaye auache utukufu wake nje. Saa zikaenda, watu wakachoka, na usiku ulipokwisha kuwa mkubwa Stevie Wonder akatoa rai kwamba pahala fulani katika wimbo paimbwe kwa Kiswahili. Mjadala ukazuka. Waylon Jennings, mwimbaji wa nyimbo za mashamba kutoka Texas, akaona sasa mambo yamempita kimo, akatoka, akenda zake. Na Bob Geldof, Mwairlandi, ambaye Uhabeshi alikuwa ametoka kuiona kwa macho yake, akawaeleza wakubwa wale kwamba watu wanaotaka kuwasaidia hawasemi Kiswahili.

Tazameni basi. Wamarekani kadhaa mashuhuri wanabishana usiku wa manane kama Kiswahili kitumike au kisitumike, mmoja wao anaondoka kwa sababu ya Kiswahili, na katika chumba kizima, kwa kadiri tujuavyo sisi wa barazani, hamna Mswahili hata mmoja wa kuulizwa. Maalim aliongeza kwamba Addis Ababa ni Kiamhari, na kwamba hata Kiamhari hakiwaenezi Wahabeshi wote, kwani kuna Waoromo na Watigrinya na wengineo. Na angelikwenda hivyo hivyo, kabila baada ya kabila, kama Nahodha asingelimkata kwa kuuliza nani kati yetu awezaye kuwataja kwa mpango waimbaji wote walioimba peke yao katika wimbo ule. Hakuna aliyeweza. Fundi alifika wa kumi na mbili, akamwingiza Madonna, ambaye hakuwamo kabisa, na sadaka yake ikaongezeka.

Mimi kama hakimu nilisema, na hapa nasema tena, kwamba katika watu wale Richie ndiye mwenye insafu. Alijua kwamba hajui. Hakuyavika maneno yake jina la lugha ya watu. Alibumba sauti tupu zenye ladha, kama sisi wenyewe tulivyokuwa tukibumba Kiingereza tulipokuwa wadogo, tukisimama mbele ya kioo na ufagio mkononi badala ya gitaa, tukaimba nyimbo za Beatles kwa maneno ambayo mama zetu walidhani ni ya skuli. Yule aliyekosa ni mwengine, naye tulimfikia saa nne na robo, baada ya kashata.

Miaka miwili baada ya usiku ule, mwaka 1987, Michael Jackson alitoa albamu yake ya "Bad", na ndani yake umo wimbo uitwao "Liberian Girl", wa kumsifu binti wa Liberia. Na mlango wa wimbo huo unafunguliwa kwa maneno machache ya mapenzi yanayosemwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika ya Kusini, kwa sauti laini inayomfanya mtu aweke kikombe chini. Maneno hayo ni ya Kiswahili. Ni Kiswahili kinachofahamika, ingawa si cha Mvita wala cha Unguja, na kimetamkwa na mtu wa kusini kwa niaba ya binti wa magharibi, kikaimbiwa na Mmarekani. Yaani kila upande wa bara umewakilishwa isipokuwa upande wenye lugha.

Maalim alisimama. Nasema alisimama kwa sababu mtu huyu ana magoti mabovu, na hasimami ovyo. Akasema kwamba baina ya Monrovia na Mombasa bara zima limelala. Kwamba Liberia watu husema Kiingereza, na Kikpelle, na Kibassa, na Kivai. Kwamba Wavai wana maandishi yao wenyewe waliyoyabuni katika karne ya 19. Na kwamba mtu aliyekuwa na mali ya Michael Jackson hakushindwa kumlipa Mvai mmoja amtamkie neno moja la mahaba. Sote tukanyamaza, maana hapakuwa na la kujibu.

Akajibu Nahodha. "Maalim, nawe umezidi. Huenda binti huyo kazaliwa Liberia, kaolewa Lamu."

Tangu hapo jambo hilo halizungumziki tena barazani bila ya mtu kuuliza mahari yalikuwa kiasi gani.

Fundi, ambaye akili yake ni ya vigurudumu na hupenda kuona kipi kinazungusha kipi, akachukua chaki akatuchorea sakafuni mtaa mmoja. Akasema, ninyi mnadhani nyimbo hizi zimetoka dunia nzima, kumbe zimetoka kwa majirani. Huyu Quincy Jones wa 1985 ndiye aliyesimamia "Thriller" mwaka 1982 na "Bad" mwaka 1987. Huyu Letta Mbulu Quincy alimjua tangu walipofanya muziki wa mchezo wa televisheni wa "Roots", mwaka 1977. Na katika "Thriller" walipiga ala vijana wa bendi ya Toto, hata mmoja wao, Steve Porcaro, ndiye aliyeitunga lahani ya "Human Nature". Na Toto hao hao, mwaka huo huo wa 1982, ndio waliotoa wimbo wao wa "Africa". Duara likafunga. Afrika yote iliyosikika redioni katika miaka ile, kwa mujibu wa chaki ya Fundi, ilipikwa katika majiko machache ya Los Angeles yaliyokuwa yakiazimana chumvi. Na walipohitaji kiungo cha kweli waliazima mbali kidogo: katika "Wanna Be Startin' Somethin'" Michael Jackson alikitia kiitikio kilichotokana na "Soul Makossa" ya Manu Dibango, Mkameruni, ya mwaka 1972, bila ya kumpigia hodi mwenyewe, na ikawa shauri la mawakili kabla ya kuwa shauri la maelewano.

Kulitaja jina la Toto mbele ya Maalim, hata hivyo, kulikuwa kosa, na Fundi alilijua hilo. Katika wimbo ule mtunzi anaufananisha mlima Kilimanjaro na Olimpo ya Wayunani, na anautazama ukiinuka juu ya Serengeti. Sasa Kilimanjaro iko mashariki, mpakani na Kenya. Serengeti iko magharibi, upande wa kuelekea ziwa Nyanza. Na baina yao zipo zaidi ya kilomita 200, na katika kilomita hizo Mwenyezi Mungu ameweka nyanda za juu za Ngorongoro, Bonde la Ufa, mji wa Arusha na mlima Meru. David Paich, aliyeandika maneno hayo pamoja na mpiga ngoma Jeff Porcaro, alikuwa hajapata kukanyaga Afrika. Aliijua kwa simulizi za walimu wake wamisionari na kwa picha za magazeti. Maalim alisema mwanafunzi wa darasa la sita angelipata sifuri. Nahodha akasema mwanafunzi wa darasa la sita asingeliuza santuri nyingi kiasi kile. Mimi naupenda wimbo huo, na sioni haya kusema hadharani. Mahadhi yake yana upepo wa kusafiri, na mtu akiwa njiani gizani haulizi mlima uko upande gani.

Ilikuwa karibu tuagane pale Fundi alipotoka dukani na santuri aliyokuwa ameificha kwa usiku kama huu: "Mwandishi", ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Si roki, najua, na wapenzi wa roki wataniandikia barua. Lakini Hancock huyu ndiye aliyetuletea "Rockit" mwaka 1983, kwa hivyo namwingiza kwa mlango wa uani. Siku zile Wamarekani weusi wengi walikuwa wamekichagua Kiswahili kuwa lugha yao ya nasaba, kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na ndiyo maana hata sikukuu waliyoianzisha mwaka 1966 wakaiita Kwanzaa, kwa a moja ya ziada ambayo hadi leo inamkosesha Maalim usingizi. Wanamuziki wa Hancock nao wakachukua majina. Yeye mwenyewe akawa Mwandishi. Buster Williams, mpiga besi, akawa Mchezaji. Billy Hart wa ngoma akawa Jabali. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, akawa Mganga, na hilo lilimfaa kabisa, kwani alikuwa daktari aliyesomea udaktari chuoni na akatibu wagonjwa. Na Julian Priester, mpiga tromboni, akaitwa Pepo Mtoto.

Hapo Nahodha alivua kofia. Alisema amezunguka bandari zote, hajapata kukutana na mtu aliyejiita Pepo kwa hiari yake, na kwamba hapa kwetu mtu wa jina hilo angelipelekwa kuchezewa ngoma siku saba. Fundi akamwambia asihofu, Mganga alikuwamo humo humo bendini.

Kilichotushinda kukicheka mara moja ni jina la yule aliyewapa wenziwe majina hayo, mpiga ngoma za mkono, James, mtoto wa Jimmy Heath. Maana yeye alijichagulia jina la Mtume. Maalim alilitamka taratibu, kisha akalinyamazia kidogo, akasema kwamba kwa lugha tupu mtume ni mjumbe, mtu aliyetumwa, na kwamba yeye atamdhania kheri. James Mtume alipiga na Miles Davis, kisha akawa na bendi yake mwenyewe, na mwaka 1983 akatoa wimbo wa "Juicy Fruit", ambao miaka 11 baadaye The Notorious B.I.G. aliujengea "Juicy" yake. Hata vijana wa leo wasiomjua Hancock wanautikisia kichwa mpigo wa bwana huyo pasi na kujua.

"Mbona kila kitu ni 1983?" akauliza muuza kahawa, ambaye sasa alikuwa ameketi miongoni mwetu na kuisahau biashara. Swali zuri, nami sikuwa nimeliona. Mwaka ule wimbo wa Toto ulifika kileleni Marekani, Richie akabumba lugha yake, Mtume akauza "Juicy Fruit" na Hancock "Rockit". Na Boney M, bendi iliyoundwa Ujerumani na Frank Farian kwa waimbaji wa visiwa vya Karibi, wakauimba upya "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, baada ya kwisha kuimba "Malaika" miaka miwili nyuma. Sauti nzito ya kiume iliyosikika katika santuri za Boney M, nawakumbusha, ilikuwa ya Farian mwenyewe studioni, wala si ya Bobby Farrell aliyekuwa akicheza jukwaani. Hilo lilimgharimu Nahodha kikombe chake cha tatu.

Ilipofika saa sita hesabu ikafanywa. Nahodha alidaiwa vikombe 3, Fundi 2, Maalim hadaiwi, na mimi nikatozwa kimoja kwa kosa la kuupenda wimbo wa Toto. Nahodha alilipa viwili, akakizuia cha tatu, kwa madai kwamba Maalim hajathibitisha kuwa hakuna hata kilima kimoja ndani ya Serengeti ambacho mtu mwenye macho mazuri, asubuhi isiyo na mawingu, akipanda juu yake ataiona theluji ya Kilimanjaro. Maalim ameahidi kuja kesho na ramani ya skuli, ile kubwa ya kutundika, na Fundi amekubali kuleta kioo chake cha kutazamia saa.

Muuza kahawa akakusanya vikombe, akavisuuza, akajitwika vyombo vyake kuelekea Darajani. Tulimsikia anaanza upya wimbo wa Richie, na alipofika pale katikati, pa maneno yasiyo ya mtu, akatia bei ya kahawa, bei ya kashata, na jina la Nahodha na deni lake, na yote yakaenea katika mahadhi bila ya kubaki nafasi.